Uzi maalumu: Kompyuta ya sebuleni ya kuangalia na kurekodi TV, kuanzia tyuna hadi rimoti

Mzee_wa_Koaksi (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kompyuta ikae chini ya TV, ipokee chaneli za antena au dishi, irekodi yenyewe watu wakiwa wamelala, na kila kitu kichezwe kwa rimoti bila kibodi kuzagaa kwenye kochi. Naweka mifupa, wajuvi mtaongeza nyama.

Kuna jambo ambalo wengi wanalishika kichwa chini miguu juu. Kurekodi TV ya dijitali hakuichoshi kompyuta. Picha inafika ikiwa imeshabanwa na kituo. Tyuna (kifaa kinachopokea mawimbi ya TV) inaidaka, programu inaimwaga kwenye diski vilevile ilivyo, basi. Prosesa imekaa tu. Kazi ipo wakati wa kucheza, na hata hapo mzigo unabebwa na kitengo cha video kilicho ndani ya chipu ya picha. Kwa hiyo kama mfuko ni mdogo, bana kwenye prosesa. Usibane kwenye antena, waya na diski.

Vya kuanzia:

Prosesa ya daraja la Intel N100 inatosha na kubaki. Ina kori nne, imepangiwa wati 6, na inafungua mibano ya video ya H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na AV1 kwa chipu yenyewe. Mtego upo kwenye kasha: mashine nyingi ndogo za aina hii hazina nafasi ya hadidiski ya inchi 3.5, na kuning'iniza diski kubwa kwenye USB ni kujitafutia kesi. Hakikisha kuna tundu la SATA na umeme wake kabla hujanunua.

RAM GB 8. SSD ya GB 128 kwa mfumo na programu. Hadidiski yake peke yake kwa rekodi, isichanganywe na mfumo.

Tyuna mbili angalau, za mfumo unaorushwa mahali ulipo: DVB-T2 (antena), DVB-S2 (dishi), DVB-C (kebo), au ATSC na ISDB-T (antena, kwa nchi nyingine). Tyuna ya DVB-T ya kizazi cha kwanza haisomi T2 hata uifanyeje. Hakuna sasisho la programu litakaloitibu.

Programu: Tvheadend juu ya Linux kwa kupokea na kurekodi, Kodi kwa kuangalia. Wa Windows wana NextPVR. Jellyfin nayo inarekodi, ila haiongei na kadi ya tyuna moja kwa moja. Inataka ilishwe na HDHomeRun (tyuna ya mtandao), orodha ya M3U (anwani za chaneli) au Tvheadend iliyo nyuma yake.

Hesabu ya diski ni rahisi: chukua Mbps za chaneli, zidisha kwa 0.45, unapata GB kwa saa. Chaneli ya HD ya Mbps 8 inakula GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo diski ya TB 4 inabeba saa 1,100 hivi.

KiokoteNimeokota

Mkuu, tyuna mbili maana yake chaneli mbili tu kwa wakati mmoja?

Masafa474

Hapana, na hapa ndipo watu wananunua tyuna nane bila sababu. Kituo hakipewi masafa yake peke yake siku hizi. Chaneli kadhaa zinafungwa pamoja kwenye maltipleksi moja. Tyuna ikisimama kwenye 474 MHz inapokea mzigo wote uliopo hapo, hadi Mbps 40 hivi kwa DVB-T2 yenye upana wa MHz 8, na Tvheadend ndiyo inayochambua chaneli gani iende faili gani. Chaneli tano za maltipleksi moja zinarekodiwa na tyuna moja kwa wakati mmoja, bila shida. Kwa hiyo usihesabu chaneli, hesabu maltipleksi unazozitumia kweli. Zikiwa nne, tyuna nne zinakufikisha mwisho wa safari. Ya tano haina kazi.

Dishi ni habari nyingine. LNB (kichwa cha dishi) ya kawaida inabadilishwa kwa umeme unaopanda kwenye waya: volti 13 kwa mawimbi ya wima, 18 kwa ya mlalo, na mlio wa kHz 22 kuchagua bendi ya juu. Waya mmoja kwa wakati mmoja unabeba robo moja tu ya satelaiti. Ukiugawa kwa spliti ya kawaida kwenda tyuna mbili, moja itaomba 13 nyingine 18, na itakayoshindwa itarudisha rekodi tupu. Vuta waya tofauti kwa kila tyuna kutoka LNB yenye matundu manne, au tumia LNB ya Unicable ambayo inampa kila mmoja masafa yake ndani ya waya mmoja. Ukichagua Unicable, hakikisha Tvheadend imewekwa namba ya mtumiaji na masafa yaleyale yaliyoandikwa kwenye LNB. Tyuna mbili zikipewa namba moja zitapigana.

Mzee_wa_Koaksi

Naongezea upande wa waya, maana robo tatu ya malalamiko ya "programu mbovu" yanaanzia hapa.

TV ya dijitali haikuonyi. Mawimbi yanapungua, picha inabaki safi, yanapungua tena, bado safi, halafu ghafla inavunjika vipande. Kuangalia picha hakukuambii uko umbali gani na shimo. Fungua ukurasa wa hali kwenye Tvheadend (Status, kisha Stream) rekodi ikiwa inaendelea, uangalie SNR (uwiano wa mawimbi na kelele) na safu ya Uncorrected Blocks (vipande vilivyoshindwa kurekebishwa). Hiyo ya pili inatakiwa isimame tuli. Ikipanda hata kidogo kidogo, kila hatua ni mkwaruzo ndani ya faili lako.

Spliti ya njia mbili inakula dB 4 hivi kila upande, ya njia nne 7 hadi 8. Ndugu anayekuambia ongeza amplifaya ana haki nusu. Amplifaya iliyowekwa karibu na TV inakuza mawimbi pamoja na kelele iliyokwisha kuingia njiani. Mahali pake ni juu, karibu na antena. Na ukiwa karibu na mnara, mawimbi yakizidi nguvu yanaizamisha tyuna na dalili zake zinafanana kabisa na za mawimbi hafifu. Jaribu kuweka kipunguzi cha dB 10. SNR ikipanda, umepata jibu.

Sasa kiunganishi cha F. Chuna ganda la nje, rudisha wavu wa shaba nyuma juu ya ganda, kisha uchune povu jeupe uache waya wa kati. Kabla ya kusukuma kiunganishi, geuza ncha kwenye mwanga uangalie: unywele mmoja tu wa wavu ukibaki umelala juu ya povu na kugusa waya wa kati, baadhi ya masafa yanakufa na mengine yanabaki hai, na utakesha ukiscan upya ukidhani ni programu. Waya wa kati uchungulie milimita mbili tatu nje ya mdomo wa kiunganishi. Ukiwa mfupi unagusa siku ya joto, siku ya baridi haugusi.

Minara ya simu ya 700 na 800 MHz nayo inaingilia. Kichujio kidogo cha LTE kabla ya amplifaya ni dawa nafuu.

Fremu50

Mpangilio wa Tvheadend, kwa mfuatano, kwa sababu ukiruka hatua moja hupati chaneli na hakuna kosa linaloonekana:

1. Hakikisha Linux inaiona tyuna: `ls /dev/dvb` ilete adapter0. Isipoonekana, `dmesg | grep -i -e dvb -e firmware`. Mara nyingi utakuta inalalamika faili la firmware halipo. Liweke kwenye /lib/firmware, kisha zima kabisa. Kuwasha upya tu hakutoshi, tyuna za USB zinashikilia hali ya zamani mpaka umeme ukatike.
2. Mtumiaji anayeendesha Tvheadend, kwa kawaida hts, awe kwenye kundi la video.
3. Fungua kivinjari, port 9981. Tengeneza Network ya aina yako, uipe orodha ya masafa iliyo tayari ya eneo lako, au uyaandike mwenyewe.
4. Rudi kwenye TV adapters, washa tyuna, uipe hiyo Network. Hatua hii ndiyo inayosahaulika.
5. Subiri scan iishe. Kila maltipleksi iseme OK.
6. Map services ziwe chaneli. Usichague zote kwa pupa, kuna redio na huduma za data humo.
7. Tengeneza mtumiaji wa Kodi mwenye ruhusa ya kuangalia na kurekodi. Kodi inaingia kwa HTSP, itifaki ya Tvheadend yenyewe, port 9982.

Kwenye profaili ya kurekodi weka dakika 3 kabla na 10 baada ya kipindi. Michezo iongezee 60. Kuna kitufe kinachofuata alama ya kituo ya "kipindi kinaendelea", EPG Running State. Kituo kikiitunza alama hiyo, kipindi kikichelewa rekodi inachelewa nacho. Kisipoitunza, rekodi haianzi kabisa na unaambiwa muda umepita. Anza ukiwa umekizima.

Hapohapo weka kiasi cha nafasi ya diski ambacho lazima kibaki wazi, mfano GB 50, ili za zamani zifutwe zenyewe. Diski ikijaa saa nane usiku hakuna wa kuiuliza.

KiokoteNimeokota

Rekodi zangu za HD zinakatika zote zikifika urefu wa saa moja na dakika kumi hivi. SD hazikatiki. Tyuna imechemka?

Masafa474

Diski yako ina mfumo wa faili wa FAT32. Faili moja halivuki GB 4.29 hapo, na kwa Mbps 8 hiyo ni dakika 71. SD inachelewa kufika, ndiyo maana unaiona salama. Ifomati upya kwa ext4 au XFS.

Tyuna ikichemka haina nidhamu hiyo ya kukata dakika ileile. Inapoteza mawimbi ovyo, hasa ikiwa imechomekwa nyuma ya kasha pasipo hewa. Iguse kwa kidole baada ya saa mbili. Kama huwezi kuuacha mkono hapo, itoe nje kwa kebo fupi.

Fremu50

Kwenye XFS ongeza `allocsize=64m` kwenye fstab. Rekodi nne zikiandikwa pamoja, mfumo unatenga vipande vikubwa kwa kila faili badala ya kuvisuka kama mkeka. Kasi yenyewe haina tatizo: rekodi nne za Mbps 8 ni MB 4 kwa sekunde, hadidiski yoyote inacheka. Ila epuka diski za SMR (zenye njia za kuandikia zinazopandiana). Zikikaribia kujaa, huku zinaandika na huku zinafuta, zinaweza kusimama kujipanga, na wakati huo mawimbi hayasubiri.

Na usiiruhusu diski ya rekodi ilale. Ikiamshwa inachukua sekunde 5 hadi 10 kuzunguka.

Sebule_Kimya

Naomba kubishana na mwanzisha uzi. Kompyuta moja ya kila kitu ni wazo zuri kwenye karatasi. Mtu akiichezea Kodi ikaganda, anachomoa umeme, na rekodi iliyokuwa inaendelea inakwenda. Tenganisha: mashine ya kurekodi ikae karibu na antena inapoingia ndani ya nyumba, pamoja na diski yake yenye kelele, na kwenye TV weka kifaa kidogo chenye Kodi tu. Koaksi inakuwa fupi, sebule inakuwa kimya, na TV ya pili haihitaji tyuna mpya. Kati yao pitisha waya wa Ethaneti. Wi-Fi inabeba Mbps 8 vizuri mpaka jirani awashe yake.

Mzee_wa_Koaksi

Hoja nzito, sina ubishi kwa nyumba yenye TV zaidi ya moja. Kwa TV moja bado nasema kasha moja, kwa sharti kwamba Tvheadend inaendeshwa kama huduma ya mfumo, si programu iliyofunguliwa ndani ya Kodi. Kodi ikifa, rekodi haijui.

Kwenye kifaa cha TV wengi wanakimbilia Raspberry Pi. Pi 4 inafungua H.264 kwa chipu na inasikia rimoti ya TV kupitia HDMI-CEC. Pi 5 ina nguvu zaidi lakini imeondolewa kifunguzi cha H.264, imebaki na cha HEVC, H.264 inafunguliwa na prosesa. Inaweza, ila kwa chaneli za 1080i kazi inaongezeka kwa sababu ya ile mistari ambayo Fremu50 ataieleza.

Fremu50

Naeleza. Vituo vingi bado vinarusha 1080i, yaani kila picha inakuja nusu mbili: mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde (au 59.94 kwa mifumo mingine). Mpira ukipita, zile nusu hazilingani na unaona meno ya kitana pembeni mwa mchezaji. Kifunguzi kinatakiwa kitengeneze fremu 50 kamili kutoka nusu 50. Programu nyingi zinatoa fremu moja tu kwa kila nusu mbili na kukupa 25. Meno yanatoweka, lakini mpira unaruka ruka badala ya kuteleza. Kwenye Kodi yenye Intel, wakati video inacheza, fungua mipangilio ya video na uchague VAAPI (njia ya kutumia chipu ya picha) ya kufuata mwendo. Ukitumia prosesa, chagua kichujio cha yadif au bwdif katika hali ya kutoa fremu mara mbili.

Halafu skrini. Fremu 50 kwenye skrini ya Hz 60 zitagota tu, hata kompyuta iwe ya NASA. Washa kwenye Kodi kurekebisha kasi ya skrini video inapoanza na inaposimama, na uruhusu 23.976, 50 na 59.94.

Rangi: video inatumia ngazi 16 hadi 235, kompyuta 0 hadi 255. TV na kompyuta zisipokubaliana, ama weusi unakuwa kijivu kama moshi, ama nywele nyeusi zinageuka doa moja lisilo na umbo. Chagua upande mmoja pande zote. Pima kwa picha ya majaribio yenye mistari ya giza: ya 17 hadi 25 ionekane kwa shida, ya chini ya 16 isionekane.

Sauti: ARC (sauti inayorudi kutoka TV kwa kebo ya HDMI) ya kawaida inapitisha Dolby Digital na Digital Plus, haipitishi TrueHD wala DTS-HD MA, hizo zinataka eARC au kebo ya HDMI moja kwa moja kwenye risiva. Na kwenye Kodi ukiwasha kulandanisha uchezaji na skrini, upitishaji wa sauti ghafi unazimika. Wengi wanabadilisha kebo tatu kabla ya kugundua.

KiokoteNimeokota

Asante. Nataka iwe inalala na kuamka kurekodi. Nimeweka, inalala vizuri, haiamki.

Sebule_Kimya

Tvheadend peke yake haiamshi kompyuta. Lazima kabla ya kulala uandike saa ya kuamka kwenye saa ya mazabodi. Kwanza jaribu kifaa chenyewe: `rtcwake -m mem -s 120`. Isipoamka baada ya dakika mbili, tatizo ni BIOS. Zima ErP (hali ya kubana umeme), kwa sababu kwenye mazabodi nyingi inakata umeme wa kusubiri pamoja na king'ora cha kuamsha. Hapohapo weka iwake yenyewe umeme ukirudi.

Ikiamka, uliza Tvheadend rekodi inayofuata:

`curl -s --digest -u jina:siri 'http://localhost:9981/api/dvr/entry/grid_upcoming?limit=9999' | jq '[.entries[].start_real] | min'`

Namba hiyo ni sekunde za Unix na imeshahesabu dakika zako za ziada. Toa 300, ipe `rtcwake -m no -t`, kisha ulaze mashine. Hiyo script iwekwe iende kila kabla ya usingizi. Orodha ikiwa tupu jq inarudisha null, kwa hiyo ikague, na panga pia iamke mara moja kwa siku kuchukua ratiba ya vipindi. Mashine inayolala siku tano ina ratiba ya siku tano zilizopita.

Baada ya kuamka tyuna za USB wakati mwingine zinapotea. Weka `usbcore.autosuspend=-1` kwenye vigezo vya kernel. Isiposaidia, ondoa na urudishe moduli ya dereva kabla ya kuanzisha Tvheadend.

Masafa474

Matangazo ya biashara: programu ya comskip inachunguza giza kati ya vipande, nembo ya kituo, ukimya na umbo la picha, kisha inaandika faili la EDL (orodha ya mahali pa kuruka) pembeni ya rekodi. Kodi inalisoma na kuruka. Weka `output_edl=1` kwenye faili la ini la comskip. Usikate faili moja kwa moja kwa kuiamini, siku nembo ikififia itakukatia fainali. Kuruka kunasahihishika, kufuta hakusahihishiki.

Ukitaka kuhifadhi bila kubana upya:

`ffmpeg -fflags +genpts -i rekodi.ts -map 0:v -map 0:a -c copy rekodi.mkv`

Usiandike `-map 0` tupu, teletext iliyo ndani ya TS haikubaliki kwenye mkv na amri itagoma. Ukikata kwa `-c copy` mkato unaangukia fremu kamili iliyo karibu, kwa hiyo tegemea kupishana sekunde moja hivi.

KiokoteNimeokota

Na chaneli za kulipia?

Mzee_wa_Koaksi

Zimefungwa. Unahitaji tyuna yenye tundu la CI, moduli na kadi halali ya mtoa huduma, na tyuna nyingi za USB hazina tundu hilo. Kupitisha HDMI ya king'amuzi kwenye kadi ya kunasa picha nako kunagota kwenye HDCP (kinga ya kunakili). Kadi inaonyesha giza. Ulizia kwanza kwa mtoa huduma kama anatoa moduli. Jibu likiwa hapana, panga mtambo wako kwa chaneli za bure.

Fremu50

Moja ya mwisho kwa wenye rimoti zisizo na waya zinazokwama kwama: chomoa kipokezi kwenye tundu lililo jirani na diski ya USB 3. USB 3 inatoa kelele kwenye GHz 2.4, masafa yaleyale ya kipokezi. Kebo ya mita moja kukisogeza mbele ya kasha inamaliza kazi.

KiokoteNimeokota

Nimebadilisha diski kuwa XFS, nimezima ErP, imeamka. Uncorrected Blocks 0 kwenye maltipleksi tatu, ya nne inapanda.

Mzee_wa_Koaksi

Fungua kiunganishi cha F, angalia ule unywele.